Uzi maalumu: Nimepata utando unaopitisha mwanga kutoka kwenye unga wa mbao (Arusha)

#1 Mwalimu wa Kemia AR (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ninavyoandika hapa, mezani kuna kipande cha utando chenye upana wa sahani. Nimekilaza juu ya gazeti na herufi zinasomeka. Ukikitikisa kinalia kama noti mpya. Hakina plastiki hata chembe. Kimetoka kwenye mfuko wa unga wa mbao niliouomba kwa seremala jirani yangu huku Mbauda, ule ambao jioni huwa unachomwa na moshi wake unaingia hadi vyumbani.

Nimetumia miezi saba na majaribio kumi na moja. Tisa yaliharibika, na karibu yote tisa kwa kosa lile lile. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya kosa hilo, maana maelezo yake nimeyatafuta kwa Kiswahili sikuyapata, na najua wapo vijana wa sekondari na vyuo wanaotaka kujaribu.

Tuanze na mti. Mliokulia mlimani mnaijua nyumba ya fito: unasimika nguzo, unalaza fito, unafunga kwa kamba za mgomba, halafu unakandika udongo. Mbao imejengwa hivyo hivyo. Fito ni selulosi, kamba ni hemiselulosi, udongo ni lignini. Selulosi peke yake ni kama asilimia 40 hadi 50 ya mbao kavu. Mfaransa Anselme Payen ndiye aliyeitenga mwaka 1838, alipotibu mimea kwa asidi na amonia akaona kila mara kinabaki kitu kimoja cha nyuzinyuzi kisichoyeyuka.

Sasa hizo fito zenyewe nazo zina vitu ndani. Uzi mmoja wa mkaratusi una urefu wa takriban milimita 1 na unene wa mikromita 15 hadi 20 (milimita 1 ukiigawa mara elfu, hiyo ndiyo mikromita 1). Upasue, utakuta umejaa vijiuzi vya unene wa nanomita 3 hadi 4. Chukua milimita 1, igawe mara milioni, hiyo ndiyo nanomita 1. Vijiuzi hivyo, au mafungu yake madogo, ndiyo nyuzinano za selulosi.

Kwa nini zikitandazwa zinapitisha mwanga, na karatasi ya daftari ambayo nayo ni selulosi ni nyeupe pe? Itazame karatasi uliyofungiwa maandazi. Pale mafuta yalipoingia, mwanga unapita. Karatasi ni nyeupe kwa sababu kati ya uzi na uzi kuna hewa. Mwanga unaingia kwenye uzi, unatokea kwenye hewa, unaingia tena kwenye uzi, kila mpaka unautupa pembeni. Mafuta yanajaza zile nafasi. Nyuzinano hazihitaji mafuta. Ni nyembamba mno, zikikauka zinabanana zenyewe, na nafasi zinazobaki ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo mwanga hauna pa kujikwaa.

Naendelea na hatua zenyewe kidogo kidogo. Ulizeni.

#2 Seremala Ngarenaro

Mwalimu, endelea, nimekaa. Kabla hujafika mbali, ni unga wa mbao gani? Hapa kwangu sakafuni kuna mchanganyiko: mninga, mkongo, paina, na siku hizi MDF ndiyo imejaa. Nafagia vyote pamoja.

#3 Mwalimu wa Kemia AR

Fundi, asante kwa swali, hapo ndipo nilipopoteza miezi miwili ya kwanza.

MDF usiniwekee kabisa. Ule ni unga uliokwisha kugandishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi. Ukiuchemsha unapata harufu ya kukata pumzi na rojo isiyofaa.

Nikisema mbao ngumu sisemi kama tunavyosema sokoni. Nazungumzia miti ya majani mapana, hata kama mbao yake ni laini kwenye randa. Mgrevilea ninyi mafundi hamuiti mbao ngumu, lakini kwa kazi hii imo. Paina na saipresi, ambazo ndizo nyingi zinazotoka mashamba ya West Kilimanjaro na Meru, ni kundi jingine: uzi wake una kama milimita 3, lignini yake ni nyingi zaidi na ni kaidi zaidi kuiondoa. Miti ya majani mapana ina hemiselulosi ya kutosha, hasa ile aina inayoitwa zailani, na baadaye mtaona ina faida gani.

Mninga na mkongo nimejaribu. Zina rangi na mafuta yake ya asili, ndiyo maana mchwa hawaziwezi, na hayo hayo yanakaa kwenye rojo. Mtiki pia ni vile vile. Mpingo wa wachonga vinyago sijaugusa na sioni sababu, una thamani kubwa mno. Mimi nimetulia kwenye mkaratusi na mgrevilea. Mgrevilea ni ile tuliyozoea kuipanda kwenye kahawa na mipakani mwa vihamba, unga wake haukosekani.

Na nahitaji unga wa msumeno, si maranda ya randa. Maranda waachie wafugaji wa kuku. Unga nauchekecha kwa chekecheo la unga wa ngano, unaopita ndio nafanyia kazi. Usiwe umechanganyika na oili ya msumeno wa mnyororo.

#4 Mwalimu wa Kemia AR

Sasa kuchemsha. Lengo ni kuubandua udongo na kubakiza fito.

Kiwandani, kwa mfano Mgololo kule Mufindi, mbao hupikwa kwa kemikali ndani ya matangi ya presha kwenye nyuzijoto kama 160 hadi 170. Nyumbani huna hilo. Nilianza na sufuria ya kawaida nikijua maji yanachemka nyuzijoto 100. Kipimajoto cha shule kikaniambia 95. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Nyuzijoto tano hizo zinaonekana ndogo, lakini lignini inazihesabu. Nilichemsha saa sita, unga ukabaki wa kahawia kama nilivyouweka.

Kwa hiyo nikatafuta presha kuka. Hapa naomba msome polepole: isiwe ya alumini. Dawa ninayotumia ni kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, na kostiki inaila alumini huku ikitoa gesi ya hidrojeni inayowaka. Sufuria zetu nyingi za sokoni ni alumini. Jaribio la pili lilinitobolea sufuria na povu likamwagika jikoni. Tafuta ya stenlesi. Ikibana presha ya angahewa moja juu ya ile ya nje, kwa Arusha unafika kama nyuzijoto 118.

Vipimo vyangu: unga mkavu gramu 100, kostiki gramu 20, maji ya mvua lita 1. Kostiki inaingizwa kwenye maji kidogo kidogo, maji hayamwagwi juu ya kostiki, maana inajipasha joto yenyewe hadi kuruka. Miwani na glavu. Unga naufunga kwenye mfuko wa kitambaa cha amerikani usije ukaziba tundu la mvuke, na chombo hakijazwi kupita nusu. Kitambaa cha poliesta kinaliwa na kostiki, pamba inavumilia. Napika saa tatu, namwaga maji meusi kwenye ndoo (si mtaroni, nitaeleza), nasuuza, napika tena na kostiki mpya.

Halafu kung'arisha. Maabara nyingi hutumia sodiamu kloraiti iliyotiwa asidi. Inafanya kazi safi, ila inatoa klorini dayoksidi, gesi ya sumu, na hiyo si ya kufanyia jikoni. Na jiki msichanganye na siki wala asidi yoyote, inatoka gesi ya klorini. Mimi natumia hidrojeni peroksidi ya duka la dawa, asilimia 6, naiweka kwenye hali ya alkali kidogo kwa kostiki, nyuzijoto 70, saa mbili, mara tatu. Ukiona inatoa povu kali ghafla, maji yako yana kutu: chuma kinaivunja peroksidi kabla haijafanya kazi na kinaumiza nyuzi. Kijiko kidogo cha magnesiamu salfeti, ile wanayouza maduka ya pembejeo kwa ajili ya mboga, kinaituliza.

Mwisho wa hapo una rojo ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Si nyeupe kama ya kiwandani. Inatosha.

#5 Binti Kibosho

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Moshi, namalizia stashahada ya maabara. Nimefurahi sana kuona uzi huu kwa sababu hiki kitu nilijaribu mwaka jana na nikaacha kwa uchungu.

Nilifika hadi hapo ulipofika. Rojo yangu ilikuwa nzuri kuliko ulivyoeleza, nyeupe. Jua la Moshi si mnalijua, nikaitandaza juu ya bati, mchana mmoja ikakauka, nikaisaga nikaihifadhi kwenye kopo. Baada ya wiki mbili nikaichukua, nikaitia maji, nikaiweka kwenye blenda nusu saa. Haikuwa uji. Ilikuwa kama chenga za mahindi, ukiacha dakika tano zinatuama chini. Nikamwaga kwenye sahani, ikakauka ikapasuka pasuka kama tope la Mto Weruweru wakati wa kiangazi. Nilibadilisha blenda, nikaongeza muda hadi saa mbili. Hakuna kilichobadilika.

Nilikosea wapi?

#6 Mwalimu wa Kemia AR

Marahaba binti. Umenisaidia kufika nilipotaka kufika. Blenda yako haikuwa na kosa, na rojo yako ilikuwa nzuri. Ulikosea pale juu ya bati.

Rojo ikishaondolewa lignini haipaswi kukauka hata mara moja hadi iwe utando. Hata ukingo wake. Hata usiku mmoja kwenye chombo kisichofunikwa vizuri.

Sababu ni hii. Ukishabandua udongo, zile fito ndogo zinabaki zimesimama peke yake, na kati yake kuna maji. Maji ndiyo yanayozitenganisha. Uso wa selulosi umejaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni vinavyopenda kushikana na maji, na maji yakiondoka vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Unapokausha, maji yanayotoka yanazivuta fito zikaribiane, zinagusana, zinashikana kwa urefu wake wote. Ukirudisha maji baadaye hayaingii tena. Wataalamu husema uzi umekuwa kama pembe, na ni kweli, ushike unga wako uliokauka uone ulivyo mgumu. Hakuna blenda itakayoutenganisha vizuri tena.

Mimi nimelifanya kosa hilo kwa njia tofauti tofauti. Mara ya tatu nilikausha ili nipate uzito sahihi. Mara ya tano nilibana maji kwa kitambaa hadi rojo ikawa kama sima kavu. Mara ya saba niliacha bakuli wazi wikiendi moja, pembeni pakakauka, nikakoroga pamoja, na chenga zile zikajaa kwenye utando mzima kama mchanga.

Mwaka 2007 Kentaro Abe, Shinichiro Iwamoto na Hiroyuki Yano wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walionyesha jambo hili vizuri. Walichukua unga wa mbao, wakaondoa lignini na hemiselulosi, wakauweka kwenye maji muda wote, kisha wakaupitisha mara moja tu kati ya mawe mawili ya kinu. Wakapata nyuzinano zenye upana unaolingana wa nanomita 15 hivi. Mara moja! Kumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 Albin Turbak na wenzake wa kampuni ya ITT Rayonier, Marekani, waliokuwa wa kwanza kuzitoa, walilazimika kuipitisha rojo tena na tena kwenye homojenaiza ya maziwa kwa presha kubwa. Umeme uliotumika ulikuwa mwingi hadi wazo likalala kwa miaka.

Nilipoisoma habari ya Kyoto niliinuka nikaenda kufunika ndoo yangu.

Uzito utaupataje bila kukausha? Chukua kijiko kimoja cha rojo iliyochujwa, kipime, kikaushe hicho kimoja, kipime tena. Ukijua kijiko kina selulosi kiasi gani, umejua ndoo nzima. Hicho kijiko ndicho sadaka yako. Kwangu gramu 100 za unga wa mgrevilea zilinipa kama gramu 37 kwa hesabu hiyo.

#7 Mzee wa Misitu

Mwalimu, pongezi. Nimestaafu. Nilisomea pale Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi na nimefanya kazi na mbao maisha yangu yote, lakini haya ya nano ni mageni kwangu.

Umesema hemiselulosi ya miti ya majani mapana ina faida, halafu wale wa Japani unasema waliiondoa. Sasa tushike lipi?

#8 Mwalimu wa Kemia AR

Shikamoo mzee. Umenikamata panapostahili.

Wao walitaka nyuzi safi ili wazipime vizuri, na wangeweza kuilinda rojo isikauke. Lakini mwaka uliofuata, 2008, watu wa maabara ile ile walichunguza hemiselulosi yenyewe wakaona kwamba ikiachwa inakaa kati ya fito na fito, inazizuia kushikana. Kamba zile za mgomba, hata zikilegea, bado zipo katikati. Rojo yenye hemiselulosi nyingi nyuzi zake zinapasuka kuwa nyuzinano kwa urahisi zaidi, na hata ikikauka inasamehe kuliko ile iliyosafishwa kabisa. Kwa mtu wa nyumbani hiyo ni baraka. Ndiyo maana situmii kostiki kali. Gramu 20 kwa lita ni karibu asilimia 2 tu. Ukipandisha hadi asilimia 10 na zaidi unaondoa zailani, na ukizidi unabadilisha hata mpangilio wa selulosi yenyewe.

Bila kemikali ya ziada, mashine inabeba mzigo wote. Njia nyingine iliyobadilisha mambo ni ya Wajapani wengine, Akira Isogai, Tsuguyuki Saito na Yoshiharu Nishiyama: wanatumia kichocheo kinachoitwa TEMPO kuupa uso wa kila kijiuzi chaji hasi, vijiuzi vikawa vinasukumana vyenyewe. Wanapata nanomita 3 hadi 4 kamili kwa kukoroga kidogo tu. Walitunukiwa Tuzo ya Marcus Wallenberg ya Sweden mwaka 2015. Kichocheo hicho ni ghali, siwezi kukipata, kwa hiyo nimebaki na blenda.

Kuhusu blenda: mwaka 2011 Kojiro Uetani na Yano walionyesha kuwa blenda ya kasi inaweza. Walitumia rojo ya asilimia 0.7, mizunguko 37,000 kwa dakika, nusu saa. Blenda zetu za nyumbani hazifiki kasi hiyo. Ya kwanza iliungua. Sasa natumia ile kubwa ya wauza juisi, nasaga dakika tatu, napumzisha dakika tano, jumla dakika 40 za kusaga. Rojo isizidi gramu 7 za selulosi kwa lita, zaidi ya hapo inakwama.

Utajuaje imeiva? Mwanzoni ni maziwa yenye chembe. Baadaye inabadilika kuwa nzito na inaanza kung'aa. Ukiinamisha chombo inakuja kwa pamoja kama uji wa muhogo, wakati asilimia 99 na zaidi ni maji. Mimi huchukua kijiko, nakichanganya kwenye chupa ya maji nusu lita, naacha usiku kucha. Kinachotuama chini bado ni nyuzi nene. Kinachobaki kimeelea ndicho ninachokitaka.

#9 Seremala Ngarenaro

Mwalimu na kutandaza je? Hiyo ndiyo sehemu ya fundi.

#10 Mwalimu wa Kemia AR

Na ndiyo sehemu ninayoipenda.

Maabara huchuja kwa pampu ya kuvuta hewa juu ya utando wenye matundu madogo sana, inachukua saa chache. Sina pampu. Mimi namwaga kwenye mfuniko bapa wa ndoo ya plastiki, naacha maji yaondoke yenyewe. Kioo kisitumike, utando unang'ang'ania na unachanika ukiubandua.

Hesabu ni rahisi. Nataka unene wa mikromita 40. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la sentimita mraba 314. Zidisha kwa unene, utapata ujazo wa sentimita 1.26 za ujazo, na kwa uzito wa kama gramu 1.4 kwa kila sentimita ya ujazo unahitaji gramu 1.76 za selulosi. Kwenye rojo ya asilimia 0.5 hiyo ni gramu 352. Ukiimwaga inasimama kimo cha milimita 11. Kutoka milimita 11 hadi sehemu ya ishirini na tano ya milimita 1!

Mfuniko uwe sawasawa. Hapa ndipo nilipomwendea fundi jirani kuazima pima maji, maana upande mmoja ukishuka milimita 2 utando unakuwa mnene huku na mwembamba kule. Mapovu ni adui. Rojo iliyotoka kwenye blenda imejaa hewa na ni nzito, mapovu hayapandi. Naiacha usiku mzima ikiwa imefunikwa, kisha namwaga polepole kando ya mfuniko, na yaliyobaki natoboa kwa sindano.

Julai hii baridi ya Arusha ilinichukua siku tano kukauka. Usiharakishe kwa jua wala feni, uso unakauka kabla ya chini na utando unajikunja kama jani la mgomba. Ukishafika hali ya ngozi mbichi, bado una unyevu, ubandue, uweke kati ya vitambaa viwili laini, halafu mbao mbili tambarare, halafu mzigo. Mimi naweka betri ya gari. Siku mbili, unabadilisha kitambaa mara kadhaa.

Fundi, jambo moja la kwako: mwaka 2009 Masaya Nogi na wenzake walipotaka karatasi ya nyuzinano ipitishe mwanga vizuri zaidi, waliisugua uso kwa msasa laini mno. Mikwaruzo na mabonde ya juu ndiyo yaliyokuwa yanatawanya mwanga. Bado sijapata msasa wa laini hiyo.

#11 Seremala Ngarenaro

Msasa nilio nao wa mwisho kwa ulaini ni wa kupigia rangi ya magari, namba 2000, ule wa maji.

#12 Mwalimu wa Kemia AR

Wa maji hapana, utando utavimba. Lakini mkavu tunaweza kujaribu kwenye kipande kibovu. Nitakuja Jumamosi.

#13 Mtoto wa Themi

Mwalimu nimesoma yote. Mimi nakaa jirani na Mto Themi. Umetaja maji meusi ukasema utaeleza. Huu mto umeshabeba mengi. Kama watu mia wakianza kupika unga wa mbao na kumwaga kostiki mtaroni, sitafurahi na uzi huu hata kidogo.

#14 Mwalimu wa Kemia AR

Uko sahihi, na nilistahili kuliweka hilo juu kabisa.

Maji meusi yana kostiki na lignini iliyoyeyuka. Yakiingia mtoni yakiwa hivyo, yanaua. Kwangu yanakaa kwenye ndoo hadi yapoe kabisa. Naongeza siki kidogo kidogo huku nikipima kwa karatasi ya litmasi. Ikishageuka nyekundu, lignini inaganda na kutuama kama machicha ya kahawa. Naichuja kwa kitambaa, naianika, inawaka vizuri ikichanganywa na vumbi la mkaa. Maji yanayobaki ni ya rangi ya chai na hayachomi tena. Nayarudisha kidogo hadi yawe katikati, si asidi wala alkali, nayamwaga shimoni bustanini mbali na kisima, si mtoni. Kwa gramu 100 za unga hilo linawezekana. Kwa kilo 100 sivyo, na mtu asianzishe uzalishaji kwa ndoo na siki. Viwanda vinavyopika rojo huyachoma hayo maji kwenye matanuru maalumu na kurudisha kemikali zitumike tena.

#15 Mchangiaji wa Usa River

Mwalimu hongera, ila mimi nauliza kama mfanyabiashara. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Hii inaweza kuwa mbadala? Nifungie mboga?

#16 Mwalimu wa Kemia AR

Mboga mbichi hapana, ndugu yangu.

Nguvu inayo. Watafiti wa Stockholm, Marielle Henriksson na wenzake, mwaka 2008 walipima karatasi ya nyuzinano wakapata zaidi ya megapaskali 200 kabla haijakatika. Karatasi ya kawaida ya kutolea nakala kwa kawaida haifiki hata robo ya hapo. Mafuta haipitishi. Karatasi hiyo ikiwa kavu inaizuia oksijeni vizuri sana, na kahawa iliyokaangwa inaharibiwa na oksijeni kuliko kitu kingine.

Tatizo ni maji. Yale yale yaliyonisaidia kutenganisha fito yanarudi kuzitenganisha. Nilikiweka kipande juu ya kikombe cha chai ya moto, dakika mbili kikawa kimevimba na kujikunja. Kwenye unyevu mwingi hata oksijeni inaanza kupita. Nimepaka kipande kimoja nta ya nyuki pande zote mbili. Tone la maji linakaa juu bila kuingia kwa saa nzima, ila nta inapunguza uangavu.

Kwa hiyo naiona kwenye vitu vikavu: kahawa, viungo, mbegu, ikiwa tabaka moja kati ya matabaka. Na kama kuna mwenye kiwanda anasoma, kikwazo ni mashine. Tunahitaji kinu cha mawe mawili yanayokaribiana sana na kuzunguka ndani ya rojo. TEMDO wako hapa hapa Arusha na kubuni mashine ndiyo kazi yao. Mafundi wetu wanaunda mashine za kusaga karanga. Si kitu kile kile, lakini aliyeunda moja hawezi kuogopa kuunda nyingine.

#17 Binti Kibosho

Mwalimu shikamoo tena. Narudi na majibu, ni wiki ya tatu sasa tangu uliponijibu.

Nilipata unga wa mgrevilea kwa fundi wa Kiboriloni. Safari hii rojo haikutoka majini hata dakika moja, nimelala nayo ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chenye maji na mfuniko juu. Blenda ni ile ile ya mwaka jana, na muda ni nusu saa ule ule.

Ikawa uji. Nilipoinamisha jagi ikaja yote kwa pamoja nikashindwa kuongea, nikamwita mama aje aone. Kwa joto la Moshi imekauka siku tatu. Upande mmoja una mapovu mengi na pembeni umejikunja, ila katikati nimeweka kitambulisho changu cha chuo chini yake na jina linasomeka.

Chuo wana kipimo cha skrubu. Nimepima sehemu tano: mikromita 38, 41, 44, 47, 52. Inapanda kuelekea dirishani.

#18 Mwalimu wa Kemia AR

Marahaba mwanangu! Hongera sana, mpe na mama hongera.

Hiyo inayopanda kuelekea dirishani, meza yako imelalia upande huo. Tafuta pima maji, au weka bakuli pana la maji juu ya meza uangalie ukingo, kunja karatasi uweke chini ya mguu mmoja. Mapovu, iache rojo usiku mzima kabla ya kumwaga. Ile iliyobaki kwenye jagi usiitupe. Ifunike.

#19 Seremala Ngarenaro

Mwalimu, Jumamosi ile ya msasa umefika na umeondoka na kipande changu cha namba 2000. Leo nimepasua mgrevilea tangu asubuhi, unga umejaa mfuko wa kilo hamsini, haujachanganyika na kitu. Mama wa kuku amekuja, nimempa maranda. Huu wako upo nyuma ya mlango.